Maziwa ya Jumamosi

Kila Jumamosi Mumbere aliwagawia wafanyakazi wake maziwa ya unga. Mfanyabiashara huyu aliyetoka Kivu Kaskazini alikuwa na mashine ya kuponda mawe karibu na mtaa wa Naviundu. Alikuwa mtu mwema. Wote pale waliamini kuwa maziwa huondoa vumbi kifuani, naye aliamini vilevile.

Mwelwa aliiendesha mashine ile kwa miaka mingi. Jioni mkewe, Hortense, alizikung'uta nguo zake zilizojaa vumbi, kisha akamkorogea kikombe. Binti yao mdogo, Daniella, alitazama tu. Maziwa yalikuwa ya baba.

Lakini Mwelwa alikohoa, akakonda. Mwishowe hata kufika chooni uani peke yake kulimshinda. Kazi akaishika mdogo wake, Musonda. Hortense akampeleka mumewe kituo cha afya. Walimpima makohozi, wakampiga picha ya kifua.

Muuguzi Estelle hakuwaficha kitu.

"Kifua kikuu haiko, papa. Ile ugonjwa ni silicose. Vumbi ya mawe iliingia mu mapafu, ikaiharibu. Dawa ya kuiponyesha haiko."

"Na maziwa? Nilikunywa kila siku."

"Maziwa inaenda mu tumbo, papa. Vumbi iko mu mapafu."

Hortense akalia kwa uchungu. "Na Musonda? Naye atakufa hivi?"

"Ule tunaweza kumuchunga, mama. Mawe ilowane na mayi mbele ya kuiponda. Kitambaa ku mudomo haitoshi, avae masque ya vumbi. Nguo ya kazi ibakie kule kule, musiikung'ute ku nyumba. Na yeye akuje tumupime."

Mwelwa alikwenda kwa Mumbere akimwegemea mkewe, akipumzika kila mara. Mumbere alisikiliza, akainamisha kichwa.

"Niliwaza ninabasaidia," alisema.

"Najua, patron. Acha maziwa. Mupe mudogo yangu mayi."

Sasa bomba huyamwagia mawe maji. Musonda huvaa barakoa nzuri, huoga na kubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani. Picha ya kifua chake ni safi.

Mwelwa hushinda mlangoni. Maji yakimwagika hayazoleki, na mapafu yake hayatapona. Jioni moja Hortense alikoroga maziwa yaliyobaki. Daniella akampelekea baba kikombe, kama ilivyokuwa desturi.

"Kunywa wewe," alisema Mwelwa. Ilimbidi atafute pumzi ndipo amalizie. "Maziwa ni ya batoto."