Mlango Uliofunguliwa Kiwandani

Picha zilifika Saadani kabla bi harusi hajatolewa ndani. Raya, kanga kifuani, mabega wazi, singo, dawa ya kumsugulia bi harusi, imemkaukia shingoni, anacheka na mashoga zake. Sasa alikuwa kwenye simu za wauza samaki, za bodaboda, za wajomba zake mwenyewe. Kesho yake upande wa bwana wakatuma watu kuvunja uchumba.

Inspekta Sihaba wa upelelezi Bagamoyo alimkuta kitandani, kajifunika gubigubi.

"Sitaki mtu afungwe, shangazi," Raya alisema ndani ya shuka. "Nataka zirudi. Basi."

"Nitajitahidi, mwanangu," Sihaba alisema, na palepale akajichukia kwa kulisema.

Siku ya singo simu zote zilibaki mlangoni, ndani ya kapu la somo aliyemfunda, kama ilivyo ada. Kamera iliyoingia ilikuwa moja tu, ya Shazia, mpiga picha wa shughuli za wanawake. Mji ulikwishahukumu: Shazia kaziuza.

"Niuze?" Shazia alilia dukani kwake. "Mama yake Raya nilimpiga picha mimi, afande, siku ya singo yake!"

"Zilikuwa wapi?"

"Kwenye kompyuta. Na kinga ninayo." Alionyesha kisanduku cheusi chenye taa ya kijani. "Fayawoli. Inazuia wezi wa mtandaoni. Rehan wa duka la kompyuta kaniuzia, kanifungia mwenyewe. Kijani maana yake salama."

"Nani kakwambia?"

"Si kijani?"

Kweli, nani asingefikiri hivyo? Sihaba aliinua kitabu cha maelekezo. Kilikuwa bado ndani ya nailoni yake.

"Hukukisoma?"

"Kurasa mia mbili, maandishi kama chungu, Kiingereza kitupu! Wewe umesoma kitabu cha friji yako?"

Sihaba hata hakujua kiliko.

Mtaalamu wa makosa ya mtandao kutoka Dar aliichunguza kompyuta, akaja na majibu ya kukatisha tamaa. Kisanduku kilitoka kiwandani kikiwa kimeruhusu mtu kukiendesha kutoka mbali, kwa nywila iliyochapwa kitabuni. Kwenye skrini kiliandika kwa herufi kubwa kwamba ulinzi umewashwa. Ruhusa yenyewe ilifichwa ndani huko, ambako mtu wa kawaida hafiki. Na aliyeingia alifuta nyayo zake.

"Kwa hiyo mwizi wetu hakuvunja kitu," Sihaba alisema. "Alisoma kitabu. Na si cha Shazia."

Rehan aliitwa kituoni. Kijana nadhifu, miwani safi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Una haki ya kunyamaza, utakalosema linaandikwa. Fayawoli ya Shazia uliipanga wewe?"

"Nilichomeka waya tu. Mimi muuzaji. Ndani sijawahi kuingia."

"Basi hakupita mtu. Taa ni ya kijani, ulinzi umewashwa. Shazia kaziuza mwenyewe."

Rehan alicheka puani. Kujizuia hakuweza, mjuaji kumwacha mtu akosee mbele yake ni mateso.

"Kijani ni umeme tu, afande! Umeme! Imeandikwa mwanzoni kabisa. Nilimwambia asome, akaniambia ana kazi. Kila kitu kilikuwa wazi, picha za Raya, za yule bi harusi wa Kaole na hina yake mpaka mapajani..."

"Za Kaole hazijasambaa," Sihaba alisema taratibu. "Wewe umezionea wapi?"

Rehan alitazama mikono yake.

"Nilitaka kumtia Shazia adabu tu," alisema. "Kila siku simu: Rehan hii nini, Rehan ile nini. Majibu yamo kitabuni! Nikachukua picha nimwonyeshe, aone aibu."

"Ukamwonyesha?"

"Nilimtumia rafiki yangu kwanza. Tucheke. Nikamwandikia, tazama yanayowapata wasiosoma. Yeye akarusha kwenye kundi." Akainua kichwa. "Angesoma, afande, yasingetokea haya."

"Wewe uliyesoma, kwa nini hukuufunga mlango siku ile ile?"

"Si kazi yangu."

"Na Raya? Yeye alitakiwa asome ukurasa upi?"

Rehan alivua miwani, akalia. Sihaba alimtazama bila huruma na bila furaha. Kesi ilikuwa imekwisha, na moyo wake ulikuwa mzito kuliko ilipoanza.

Alirudi kwa akina Raya asubuhi.

"Tumewakamata, yeye na rafiki yake. Simu zao na kompyuta ziko kituoni."

"Zimerudi?"

Nusu saa tu iliyopita dereva wake alikuwa ametumiwa picha zile zile, kutoka Ubena. Sihaba alitamani sana kudanganya.

"Hazirudi, mwanangu."

Shuka ilitikisika kidogo. Kisha Raya akamwomba mama yake afunge dirisha.

Lilikuwa limefungwa tangu juzi.