Ndiyo ya Sita

Nilikuwepo. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya meza nikitengeneza kipasha joto chao, na wakubwa wale hawamwoni fundi hata akiwakanyaga. Kwa hiyo asije mtu kunisahihisha.

Bodi ya polisi ya mji wa Halverson, Wisconsin, Marekani, ilikuwa na raia watano. Hao ndio waliokuwa na kauli juu ya askari: nani aajiriwe, nani apandishwe cheo, nani avuliwe sare. Mwenyekiti Gordon Haupt, muuza bima mstaafu, alikuwa na shingo ya fahali na uti wa mgongo wa uji. Wenzake walikuwa vivuli vyake. Yeye akikohoa, wao hupiga chafya. Kazi yenyewe aliifanya karani, Bi Verna Stolpe, mjane aliyebakiza miezi minne kustaafu.

Ijumaa moja ya Januari, saa kumi jioni, Verna aliita majina ili bodi iingie faragha. Ndivyo sheria itakavyo: kila mjumbe aitike ndiyo au hapana kwa sauti, kisha mlango ufungwe; na kutoka faragha pia ni kwa kura hiyo hiyo. Aliita majina matano.

Zikaitika ndiyo sita.

"Nani kajibu mara mbili?" Gordon akafoka.

"Si mimi," alisema Arlene Duffek, mwenye duka la maua. "Endelea, Verna mama. Samaki wanapoa huko."

Maana Ijumaa mji mzima hula samaki wa kukaanga, na bodi ile haikuwahi kuchelewa sahani.

Verna hakuendelea. Sauti ya sita ilikuwa imetoka kwenye kiti kitupu karibu na dirisha, na sasa kiti kilinuka sweta lililorowa, na bia.

Aliijua harufu hiyo ni ya nani. Mwaka uliopita, Ijumaa kama hii, bodi iliingia faragha kumjadili Sajenti Brandvold. Sajenti huyo alimteremsha garini mlevi aitwaye Elroy Tesch barabarani nje ya mji, kwenye theluji, "atembee pombe imtoke". Asubuhi Elroy alikutwa mgumu kama gogo. Bodi ilimjadili kwa dakika sita, ikafunga jalada, ikakimbilia samaki, ikasahau kupiga kura ya kutoka faragha. Verna akaandika kwenye kumbukumbu kwamba kura ilipigwa. Uongo wa mstari mmoja tu. Tangu siku hiyo mama yake Elroy, Bi Hazel, hakukosa kikao; alikaa kwenye benchi la nje akingoja kuambiwa mwanawe alikufaje, na Verna alimpita akiangalia viatu.

Tone la maji likadondoka chini ya kiti. Jingine tena. Arlene akavuta mlango, haukufunguka.

Gordon akampigia simu mganga wao, yaani mwanasheria wa mji. "Kuna... kuna mtu humu," alinong'ona.

"Yumo kwenye ajenda?"

"Hayumo."

"Basi hayupo," akasema mwanasheria, akakata.

"Umesikia, bwana?" Gordon akakiambia kiti. "Hupo!"

Barafu ikaanza kutambaa mezani kutoka upande wa dirisha, ikapanda juu ya majalada, ikafunika kalamu, ikaingia kwenye glasi za maji zikapasuka moja baada ya nyingine, na pumzi za wale mashujaa watano zikatoka nyeupe, fupi, huku kitu kisichoonekana kikigonganisha meno kwenye kiti kile, ka-ka-ka-ka, taratibu, kama mtu aliyetembea maili nyingi bila koti na bado hajafika.

"Hatujatoka," Verna akasema kwa sauti ndogo. "Mwaka mzima tumemfungia humu. Niliandika uongo. Naomba kura: tutoke, na jalada lake litoke nasi."

"Nyamaza! Utafukuzwa bila hata keki ya kuagwa!"

"Bwana Haupt. Ndiyo au hapana?"

Barafu ikamgusa vidole. "N-ndiyo!" Na vivuli vyake vinne vikapiga chafya.

Verna akaita jina ambalo halikuwa kwenye orodha. "Bwana Tesch?"

"Ndiyo."

Mlango ukafunguka wenyewe. Nyayo za maji zikatoka, moja moja, hadi kwenye benchi, zikasimama. Bi Hazel akainuka polepole, akinyoosha mikono.

"Elroy," alisema. "Koti lako liko wapi, mwanangu?"

Gordon akalia machozi. Jalada likasomwa hadharani mbele ya mama, neno kwa neno, na Brandvold akavuliwa sare jioni ile ile. Verna naye akafukuzwa. Hadi leo karani mpya huita majina matano, kisha hutega sikio kabla ya kufunga mlango.

Yote niliyaona, ila jambo moja nimelitia mwenyewe ili kuwasitiri. Machozi ya Gordon. Hakulia. Alitazama saa, akauliza kama samaki bado wapo.