Mke Aliyetoka Bila Manukato

Jamani, sogeeni niwaambie la jirani yangu, kabla halijawafikia limetiwa chumvi.

Nyumba yetu ni moja, imegawanywa na ukuta mwembamba. Upande huu nasuka nywele. Upande wa pili walikaa fundi cherehani na mkewe, mwalimu wa chekechea. Asubuhi za mapumziko ungesikia cherehani inakwenda, mke anapiga pasi nguo za wateja, wanacheka mambo yao. Mke alikuwa na kawaida moja: hatoki mlangoni bila manukato. Nilimjua kwa harufu kabla sijamwona. Mumewe ndiye aliyemnunulia, na chupa ikiisha analeta nyingine bila kuambiwa.

Kisha simu ikaegemezwa kwenye cherehani. Mimi simu iliyoegemezwa siiamini. Iliyo mkononi ina mwenyewe, lakini iliyoegemezwa inasubiri kitu.

Fundi alianza kwa kuchambua tamthilia mtandaoni. Kulikuwa na moja ya kila jioni, ya familia ya tajiri, na kila nyumba ilikuwa imeikodolea macho. Alikuwa akisimamisha picha, anaikuza, anawaonyesha watu: tazameni kikombe, jana kilikuwa kushoto, leo kulia, hapa pana jambo. Akapatia mara mbili tatu, wafuasi wakafurika, wakambandika jina la Mpelelezi. Alitangaza kwamba msaliti anayetafutwa katika familia ile ni mke wa tajiri, na waliobisha aliwaita vipofu. Sifa ni tamu, na aliyezionja hashibi. Ikawa kila kitu chake ni cha kuwaonyesha. Mama mkwe wake alipolazwa, wafuasi walijua kabla ya watoto wa mgonjwa. Mkewe alilia siku ile. Fundi akasema watu wamemwombea mama, kwani ubaya uko wapi?

Basi siku moja mke alitoka bila manukato. Chupa ilikuwa kabatini, imejaa. Fundi akaiona. Siku nyingine akajifunga mtandio humo humo ndani, na joto lote lile. Mume akitaka kumkumbatia, anageuza bega. Simu ikiita anatoka uani kuipokea, akirudi macho mekundu.

Mwanamume mwingine angesema, mke wangu, una nini? Fundi hakuuliza. Alikwenda kwa wafuasi wake, akadai amegundua tamthilia mpya isiyojulikana bado, ya seremala na mkewe. Akawasimulia habari ya mke anayetoka bila manukato, kisha akawauliza: hii ni dalili ya nini? Majibu yakamiminika. Mmoja aliandika kwamba anayekwenda kwa mwanamume mwingine haendi kumwachia harufu kwenye shati. Fundi akalibandika jibu hilo juu kabisa. Mwingine akasema mtandio unaficha alama. Wengine wakasema huyo seremala bwege, amfumanie tuone.

Hivi, wewe unaweza kuipeleka ndoa yako ihukumiwe na watu wanaoandika huku wanamenya viazi? Yeye aliipeleka. Na hukumu aliiamini, ingawa ushahidi wote aliupika mwenyewe.

Alasiri moja nilikuwa namsuka mteja, simu yake iko mapajani. Akaniambia Mpelelezi yuko hewani, leo seremala anamfumania mkewe. Nikachungulia. Nikaona pazia la jirani yangu, nililomsaidia kulichagua mimi mwenyewe, na mlango wao. Kitana kikanidondoka. Mara mlango ukafunguka, na sauti nikaisikia ukutani kwanza, kisha kwenye simu.

"Umetoka wapi?"

"Hospitali," mke akasema.

"Hospitali gani mtu anakwenda kwa kujificha, hata manukato hapaki?"

Mke akasema taratibu, kama anavyosema na watoto wake wa chekechea: "Nesi alinikataza. Ukienda kupigwa picha ya titi hutakiwi kujipaka kitu. Nina uvimbe, mume wangu. Leo wamechukua kipande wakakipime."

Kwenye kioo maneno yalikuwa yanapanda mbio: huyu dada anajua kuigiza, apewe tuzo, usimwamini, machozi hayo ya kununua. Mteja wangu alikuwa ameziba mdomo. Mke akageuza macho, akaiona simu pale kwenye cherehani.

"Wanatutazama?"

Fundi akainamisha macho kwenye cherehani.

"Ndiyo maana sikukwambia," akasema mke. "Nilitaka ugonjwa wangu uwe wangu kwanza, halafu uwe wetu. Wewe ungewapa wao."

Mkoba ulikuwa bado begani. Akageuka nao, akaenda kwa dada yake.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kumaliza kichwa cha mteja.

Majibu yalitoka mazuri, uvimbe haukuwa ule wa kutisha. Niliambiwa nilipokwenda kumjulia hali, na fundi alizipata habari hizo mlangoni kwangu, akalia kwa sauti. Akaomba radhi, akatuma wazee. Mke aliwapokea kwa adabu, akawaambia amemsamehe. Lakini kurudi hapana, alisema, kwa sababu hawezi kulala chumba kimoja na mtu bila kujua mtu huyo ameingia na akina nani kwenye simu.

Tamthilia ile nayo ikafika mwisho. Msaliti alikuwa mke wa tajiri, vilevile kama fundi alivyotabiri. Wafuasi walimpongeza mpaka simu ikapata moto. Nilipopita nilimkuta amekaa kwenye cherehani, hashoni kitu, chupa ya manukato iko mbele yake.

"Nilipatia," akaniambia.

"Ulipatia, fundi," nikamjibu, nikaenda zangu.

FUNZO

Kuchambua tamthilia si dhambi. Mimi na wateja wangu tunabishana kila siku, na hatujavunja nyumba ya mtu. Lakini kikombe cha kwenye tamthilia kimewekwa pale na mtu ili ukione. Nyumbani hakuna anayekuwekea dalili. Mwenzako akibadilika, muulize. Akiogopa kukujibu, jiulize umemfanya nini. Nanyi mnaotoa maoni: mkiletewa hadithi ya mke wa mtu, mshukuni kwanza anayeisimulia.