Gari Lililoua Pontenero

Harufu ilianzia jikoni. Dirce alikuwa anachemsha maziwa ya asubuhi alipoisikia, harufu ya mafuta ya mbarika yaliyoungua, yale yaliyokuwa yakitiwa kwenye injini za mashindano miaka ya nyuma. Akazima jiko, akavuka ua mpaka karakana ya mdogo wake.

"Nani kawasha gari?"

"Gari lipi? Hili halina hata injini," Ottorino akajibu bila kugeuka.

Hapo ndipo Dirce alipoliona. Jekundu, pua imebonyea, limeegeshwa juu ya magogo. Mwaka 1954 gari hilo liliacha barabara kwenye kona ya Pontenero, nje kidogo ya mji wao mkoani Emilia, likamuua dereva wake, Learco Bompani, na watazamaji saba waliosimama ukingoni. Mmoja wao alikuwa Amos, mume wa Dirce.

"Umeniletea muuaji wa mume wangu uani?"

"Dada, ni bati tu. Watu wa filamu wamelinunua. Wanataka niinyooshe bodi, waigize ile ajali."

"Waigize! Na wewe ukakubali? Basi mezani kwangu usikae. Kale na hilo bati lako."

Tangu siku hiyo akawa anakula karakanani. Ottorino alikuwa fundi wa bodi wa kuaminika, lakini bati lile lilimshinda. Alinyoosha ubavu wa kushoto asubuhi. Akienda kunawa mikono, akirudi, bonyeo liko pale pale. Akamshuku dada yake. Walitukanana mpaka majirani wakafunga madirisha.

Siku ya tano Dirce alisikia nyundo ikigonga saa saba mchana, saa ileile ya ajali, wakati mji mzima uko mezani. Ukungu ulikuwa umejaa ua. Alipousukuma mlango alimkuta Ottorino analibonyeza bati kwa utulivu, pigo baada ya pigo, anatabasamu, macho wazi yasiyopepesa, na kooni mwake mnatoka mngurumo wa injini inayopanda mlima, ikibadilisha gia, ikipanda tena, mpaka mishipa ya shingo ikamvimba na damu ikamtoka puani, kisha mngurumo ukakatika ghafla na sauti kavu isiyo yake ikasema: "Pale ukingoni bado pana nafasi, Dirce."

Dirce alimmwagia ndoo ya maji. Ottorino akaanguka, analia.

"Dada, nimefanya nini?"

Wakamwita Bibi Argia, mganga aliyetibu kwa ishara za msalaba na maneno aliyorithishwa na mama yake. Alikaa kando ya Ottorino saa nzima, akinong'ona, mpaka yule akatapika maji meusi. Kisha Bibi akagusa gari, na papo hapo akaurudisha mkono wake.

"Si Bompani huyu," akanong'ona. "Maskini yule kalala zake. Hili ni jini la kona, liko pale tangu kabla ya barabara. Gari lilipopinduka, jini likapanda humo, likakaa. Kwa mdogo wako nimelitoa, ila garini siliwezi. Lichomeni. Na msilirudishe Pontenero."

Lakini lori la filamu lilifika alasiri ileile. Mwongozaji, Bwana Malvestiti kutoka Roma, aliposikia Dirce anataka lichomwe, aliupapasa ule ubavu uliobonyea akacheka.

"Mlichome? Mama, hili bonyeo ndilo nililolitaka! Pakieni, vijana."

Kesho yake gari lilifungwa waya wa chuma juu ya mteremko wa Pontenero, sanamu ya majani makavu imekalishwa kwenye usukani. Lingevutwa mpaka kwenye marobota ya nyasi, basi. Ukingoni walisimama watu ishirini wa mjini, waliokodiwa kuwa watazamaji. Dirce aliwasihi waondoke. Wakamcheka.

"Rudi kwenye supu yako, mjane!" mwokaji mikate akamwambia.

Dirce akaokota mawe. La kwanza lilimpata mwokaji sikioni, la pili likampiga mkewe begani.

"Ondokeni hapo, wajinga nyie! Mmesimama juu ya damu ya mume wangu!"

Wakamvamia wote kwa ngumi, Ottorino akijitupa katikati kumkinga, na nyuma yao waya ukakatika. Gari lisilo na injini likanguruma, likaacha mteremko, likaruka marobota, likapita palepale walipokuwa wamesimama na kwenda kupinduka mtaroni. Ngumi zikashuka.

Ottorino alilimwagia petroli, akalichoma. Hakuna aliyemzuia. Walidhani yamekwisha. Lakini kamera zilikuwa zimeshapiga picha.

Siku ya tatu, saa kumi jioni, Malvestiti aliwaita Dirce na mdogo wake kwenye sinema ya mji.

"Njoo uone, mama wa mawe!"

Kwenye pazia, ukingo haukuwa mtupu. Watu saba walisimama pale, wamevaa nguo za Jumapili. Wa mwisho alikuwa Amos, kofia mkononi. Gari lilikuwa linakuja, naye halitazami. Anamtazama Dirce pale kitini, anamfukuza kwa kiganja: toka, toka. Nyuma ya usukani, sanamu ya majani ikainua kichwa.

Dirce alimshika mdogo wake ukosi, akamburuta mpaka nje. Mwendesha mashine ya picha alishakimbia. Malvestiti alibaki kiti cha mbele.

"Dhahabu tupu!" alikuwa anapiga kelele. "Dhahabu!"

"Toka humo, we mwendawazimu!" Ottorino akamwita.

Wakasikia matairi yakilia juu ya lami, ndani ya jengo, kisha kishindo kilichopasua vioo vya mlango. Walipoingia, pazia lilikuwa jeupe, viti vimepangwa sawasawa, na Malvestiti ameketi palepale, kichwa kimelala kifuani.

Daktari waliyemwita alimfungua shati. Mbavu zote zilikuwa zimevunjika, na kifuani pana alama ya duara, kubwa kama usukani.

"Gari liko wapi?" akauliza.

Dirce akanyoosha kidole kwenye pazia.