Ukindu Mwekundu Shambani

Vita vya pili vilikuwa vimekwisha, na Mwingereza bado alikuwa anatawala. Huko Kibuta, upande wa Kisarawe, Mwamini alikuwa shambani anang'oa muhogo wa mchana. Aliupita mti uliojikunja majani. Akaupita mwingine. Alipofika kwenye mti mzuri, akaung'oa. Muhogo akautia kapuni. Mti wenyewe akauweka kando, ukawe kuni.

"Mizuri tuile kwanza," alisema mama mkwe wake, Bibi Tatu. "Mibaya itangoja." Ndivyo walivyofanya miaka yote, na kila mwaka muhogo ulipungua.

Siku hiyo alipita Shomari, bwana shamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutuongezea kazi?"

"Nimekuja kuuliza. Masika ikifika, mbegu mnakata wapi?"

"Kwenye miti iliyobaki."

"Na inayobaki ni ipi?"

Bibi Tatu akageuka kuitazama. Inayobaki ni ile iliyojikunja.

Shomari akachuma jani lenye madoa ya manjano. "Ugonjwa huu umo ndani ya mti. Ukipanda kipande cha mti mgonjwa, umepanda na ugonjwa wake. Na hawa wadudu weupe wadogo chini ya jani wanauhamisha."

"Umejuaje?" aliuliza Mwamini.

"Wachunguzi wa mimea walipanda migonjwa huku na mizima kule. Wakatazama mpaka mavuno. Nanyi mnaweza. Tieni alama miti mizima, msiiguse mpaka masika. Mbegu itoke hapo. Migonjwa ing'oeni."

"Tusile mizuri? Basi utatulisha wewe?"

Shomari hakucheka. "Itakuwa ngumu, bibi. Sikufichi."

Jioni, nyumbani, Mwamini alikuwa anasuka mkeka. Akachukua ukindu mwekundu, akaenda kufunga miti mizima. Haikuwa mingi.

Kisha mahindi yakaisha. Zubeda, mtoto wa Mwamini, akawa analia njaa tangu asubuhi. Baba yake, Mwinyimadi, akachukua jembe, akaenda moja kwa moja kwenye ukindu. Mwamini akamfuata mbio, akasimama mbele ya mti.

"Nipishe, Mama Zubeda."

"Siyo huu."

"Mtoto hali ukindu."

"Najua. Mtoto ni wangu pia. Tukila huu, mwakani tutapanda nini?"

"Unasema mwakani. Leo je?"

Akainua jembe. Mwamini hakusogea.

Bibi Tatu akaja, akalitwaa jembe mkononi mwa mwanawe. Mwamini akajua yamekwisha. Lakini bibi aliupita ule mti, akachimba uliojikunja. Muhogo wake ulikuwa kama vidole. Akaushika, akautazama.

"Mbegu hii nilikuja nayo kutoka kwa mama yangu, kule Magindu, siku nilipoolewa. Ilikuwa inazaa muhogo kama paja. Mizuri tumekula, miti yake tumechoma. Tumebaki na hivi." Akamrudishia mwanawe jembe. "Chukua kapu. Twende porini tukachimbe ming'oko."

Wakala mizizi hiyo ya porini, kisamvu na vile vidole. Zubeda alikonda. Kila asubuhi Mwamini alitazama mawingu, kisha akamtazama mtoto.

Masika ikafika. Wakakata mbegu kwenye ukindu tu. Mwinyimadi alikuwa bado hajaamini. "Mstari mmoja nitapanda mbegu za miti migonjwa, kule mbali. Nataka kuona mwenyewe."

Shomari, aliyekuja kuwatazama wakipanda, akatabasamu. "Hata wachunguzi hufanya hivyo hivyo."

Mwaka uliofuata, Mwinyimadi alianza kung'oa kwenye mstari wake. Vidole. Akaja upande wa mkewe, akavuta mti mmoja. Haukutoka. Ikabidi achimbe. Muhogo ulitoka kama paja. Alirudi kule mbali, akaung'oa mstari wake wote, akauchoma.

Jioni akaja jirani. Binti yake alikuwa anaolewa, akaomba mbegu ili binti aende nazo.

"Nitakupa," alisema Bibi Tatu. Zubeda alikuwa amekaa miguuni pake, anakula muhogo wa kuchoma. "Lakini njoo asubuhi, jua likiwa zuri. Kwanza tutazame majani. Na ukindu uje nao, wetu umekwisha."