Tariki, Rudisha Mlango Wangu

— Tariki, ile mulango ni ya nani?

Tariki hakuinua uso. Aliendelea kupiga randa ubao wake.

— Mulango gani?

— Ile ya buluu. Ile umefunika na bashi.

Sofia hakungoja jibu. Alilivuta lile turubai, na mlango wake ukatokea, umeegemezwa ukutani mwa karakana. Juu kulikuwa na ndoano aliyoigongea mwenyewe ya kutundikia pazia. Chini kulikuwa na kiraka cha ubao mpya, alichokiweka Tariki huyo huyo wakati wa mvua, mama yake Sofia akimmiminia chai.

Asubuhi ile Sofia alikuwa amekwenda sokoni kununua uzi. Yeye ni fundi wa kushona, na cherehani yake iko chumba cha mbele cha nyumba wanayopanga na mama yake huko Kimanga. Aliporudi alimkuta mama yake, Mama Zaina, ameketi sakafuni ndani ya kitenge chenye maji maji, mguu mbovu ameunyosha, na barabara nzima ikimwona. Mlango haukuwepo.

Hapa kwetu mwenye nyumba akitaka utoke hajisumbui. Hakupi muda, hakuiti mbele ya mtu yeyote. Anang'oa mlango, au anaezua bati, kisha anakaa kwake anangoja mvua, wezi na aibu vimfanyie kazi. Na sisi majirani tunapita tukisema pole. Pole yetu inafunga mlango? Félicien, mwenye nyumba hiyo, hakuwa na deni lolote la kudai. Alitaka tu chumba cha mbele ili mpwa wake auzie simu.

Sofia alikuwa amempigia Tariki, mchumba wake, akilia. Tariki akamjibu palepale: “Pole sana, cheri. Basi muhamie kwangu leo. Tutaita shehe juma hii hii.” Jibu lilikuja haraka mno, lakini mtu anayelia hapimi mambo hayo. Alipanda pikipiki mpaka Kasenga, kwenye karakana ya Tariki, aende kubembelezwa na mwanaume wake, na sasa alikuwa amesimama mbele ya mlango wake mwenyewe.

— Félicien alikutuma?

— Ni yeye ananipatia kazi, Sofia. Ningekataa, angeita fundi mwingine.

— Basi angeita mwingine! Juu ya nini ikuwe weye?

Tariki aliweka randa chini.

— Nilitaka ukuye kwangu.

— Unasema nini?

— Kila siku ngoja, ngoja. Mama iko mugonjwa, nguo za bantu ni mingi, ngoja. Nikasema mulango ikitoka, utakuya. Nilifanya juu ya mapendo.

— Mapendo! Mama alikuwa anaoga, Tariki. Ulisikia maji?

Tariki aliiokota randa yake tena.

— Ulisikia maji?

— Nilisikia.

— Na uliendelea kungoa!

Sauti yake iliwatoa mafundi wa karakana jirani nje. Tariki akataka kumshika mkono, Sofia akaurudisha nyuma.

— Sikiliza vizuri. Minye nilitaka kutoka kwetu na heshima, mashangazi wananisindikiza. Sitaki kuolewa juu mvua iko inaninyeshea. Weye na Félicien muko sawasawa, ila yeye hakuniambia kama ananipenda.

— Sofia, ngoja niirudishe leo. Félicien hatajua.

— Wacha hapo! Itarudi mbele ya bantu.

Kwanza alikwenda kwa shefu wa avenyi, Mzee Masumbuko, ambaye kazi yake ni kusuluhisha watu wa mtaa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, mikono kichwani.

— Binti yangu, Félicien nilisha kumuita juu ya bale bengine alitosha mu manyumba yake, hakukuya. Minye sina polisi. Lakini usikae. Enda kwa biro ya Habita, benye kuangalia mambo ya manyumba. Hao wakishindwa, kuko tribinale, kule kesi zinakatwa. Kungoa mulango ya muntu, hiyo haiko sheria hata kidogo.

— Mzee, minye ni mushonaji tu. Watanisikiliza?

— Ngoja nivae viatu. Tunaenda wote.

Ofisini walipokelewa na mama mmoja wa miwani, Madamu Délice, ambaye hasira zake zilikuwa karibu kuliko za Sofia.

— Uko na kontra?

— Hapana, Madamu. Tulisikilizana kwa kinywa tu.

— Hiyo ni mubaya, siku ingine andikeni. Lakini weye ni lokatere, mwenye kupanga nyumba, na shefu wako anajua. Lokatere anatoka na preavi, karatasi ya kumujulisha mbele. Akikataa, juji njo anaamua, hapana tournevis ya kungolea mulango! Félicien akuye kesho. Na ule fundi pia.

Jioni simu ya Sofia ikalia. Ujumbe ulitoka kwa Tariki:

“Cheri, nikisema kweli kesho nitapoteza kazi. Nikinyamaza nitakupoteza. Nifanye nini?”

Sofia aliusoma akiwa ameketi na mama yake nyuma ya kitenge walichotundika mlangoni. Akajibu:

“Usiniulize minye. Mulango iko kwako.”

Kesho yake Félicien alifika akinukia manukato, akavuta kiti kabla ya kukaribishwa.

— Nyumba ni yangu, Madamu. Mulango ni yangu. Niliipeleka kwa fundi, ilikuwa imeoza. Hawa wanawake hawana shukrani.

— Kwa fundi gani?

— Ah, mafundi ni bengi.

Nje kukasikika kelele za watoto. Tariki alikuwa anaingia uani na mlango wa buluu kichwani. Ameubeba kutoka Kasenga kwa miguu, mchana kweupe, watu wakimuuliza njia nzima anahama kwenda wapi. Aliuegemeza dirishani, akaingia na jasho lake.

— Fundi ni minye, Madamu. Hakukuwa kitu ya kutengeneza. Alinituma ningoe ili batoke. Na minye nikakubali.

Félicien aliruka kitini.

— Hautafanya tena kazi kwangu, mushenzi weye!

— Najua, papa.

— Kaa chini, Papa Félicien! — Madamu Délice alipiga meza. — Mulango inarudi leo. Unataka nyumba yako? Andika preavi, miezi mitatu, lokatere atafute fasi ingine ya kukaa. Ukingoa tena hata musumari, tunaonana kwa tribinale. Umesikia?

— Nimesikia, Madamu.

Sauti ilikuwa ndogo sana. Hilo dume lililotisha Kimanga nzima lilikuwa linahitaji kupigiwa meza tu, na sisi miaka yote tulikuwa tunasema pole!

Tariki aliurudisha mlango mchana ule ule. Mama Zaina hakumpa chai. Alipokaza bawaba ya mwisho, Sofia aliingia ndani, akaufunga. Tariki akabaki nje na nyundo yake. Akabisha.

— Nani?

— Ni minye, Tariki.

— Leo hapana.

Tariki aliokota misumari iliyobaki.

— Sawa, akasema, akaenda zake.

Alirudi kesho yake, na siku zingine nyingi. Anabisha, anaambiwa leo hapana, anasema sawa. Hakupandisha sauti, hakutuma mtu. Mimi ningemwacha hapo mpaka aote mvi, lakini moyo uliopenda si wangu. Siku moja Sofia alitoa viti viwili nje, wakaongea mpaka adhana. Muda haukupita wazee wakaitwa, na Sofia akatoa sharti moja: atatoka bi harusi kupitia mlango ule ule, kabla ile miezi mitatu ya preavi ya Félicien haijaisha.

Siku ya ndoa mashangazi waliuzuia mlango, kama desturi. Bwana harusi alikuja na zawadi zake, kanzu imenyooka. Mama Zaina akaisukuma sinia ya zawadi.

— Hatutaki kitu. Sema kwanza ulifanya nini kwa hii mulango.

Marafiki wa Tariki walicheka, wakidhani ni mchezo. Yeye hakucheka.

— Niliingoa, mama.

— Juu ya nini?

— Nilitaka Sofia akuye kwangu hata kama hajapenda.

Vigelegele vilikatika. Wajomba wa Tariki wakatazama chini.

— Na leo umekuya kufanya nini?

— Nabisha tu, mama. Akikataa, nitarudi kwangu.

Akabisha. Ndani sauti ya Sofia ikauliza:

— Nani?

— Ni minye, Tariki.

Kisha komeo likavutwa kwa ndani, na aliyelivuta ni Sofia mwenyewe.

— Leo ndiyo.