Ugwe wa Ngozi Mkononi mwa Malugu

Zama zile nchi za bara zilijilinda kwa maboma ya magogo na minyaa, na mtemi mwenye bunduki za gumegume mia aliogopwa kuliko simba mla watu. Katika nchi ya Igwisha alikuwako askari mmoja, jina lake Malugu, mwana wa mhunzi wa kijiji cha Ilomelo. Alikuwa amemtumikia mtemi misimu mitatu kamili. Alikuwa na shuka nyekundu kiunoni, manyoya ya kanga kichwani, na kovu la mshale begani. Asubuhi hiyo alikuwa na kitu kingine tena: ugwe wa ngozi mbichi ya mbuzi, umefungwa kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia.

Aliutazama kama mtu aliyeamka akakuta mguu wa mtu mwingine kitandani mwake.

Si kwamba hakuujua. Igwisha nzima iliujua. Askari aliyemaliza misimu mitatu alikuwa huru kurudi kwao. Aliyetaka kuongeza mitatu mingine alifungwa kwa siku tatu: siku ya kwanza ngozi, siku ya pili wembe, siku ya tatu unga. Ngozi ilifungwa na mkuu wa kikosi. Wembe ulipita kichwa kizima. Unga wa mtama ulipakwa kwenye paji la uso na shangazi yake mtemi, mbele ya watu wote, na aliyekwisha kupakwa alikuwa mali ya vita mpaka misimu iishe au yeye aishe.

Jana yake walikuwa wamerudi kutoka kulivunja boma la Kanoge. Pombe ilikuwa nyingi, ngoma zilikuwa nyingi zaidi. Mkuu wao, Sizya, alisimama juu ya gogo akauliza, "Nani atarudi nami vitani?" Mikono ikapanda. Wa Malugu nao ukapanda. Aliukumbuka ukipanda. Asichokumbuka ni kuutuma.

Akamwendea rafiki yake Kasubi, aliyekuwa akisugua mtutu wa bunduki yake kwa mafuta.

"Kasubi, hivi mimi nimefungwa?"

"Umefungwa kama kuku wa mahari."

"Lakini sijanyolewa."

"Kuku naye hajanyonyolewa. Anadhani bado yuko matembezini." Kasubi akacheka, kisha akamtazama vizuri. "Ndugu yangu, unaumwa?"

"Sijui."

Akaenda kwa kinyozi wa kikosi. Kinyozi akamwambia ngozi ni salamu tu, kazi yenyewe inaanza kwenye wembe. Akaenda kwa mlinzi wa lango. Mlinzi akamwambia tofauti kabisa: palikuwa na mtu aliyeukata ugwe kwa kisu chake mwenyewe, akafukuzwa mpaka bondeni na kuchomwa mkuki, maana kisu juu ya ngozi ile ni kisu juu ya shingo ya mtemi. Basi kichwa cha Malugu kikawa kama kinu kimoja kinachotwangwa na wanawake watatu wasiopatana. Kama amefungwa, mbona wengine wanasema bado? Kama hajafungwa, mbona anatembea akiuficha mkono? Na lililomchanganya zaidi ni hili: hakujua kama alitaka kubaki au kuondoka.

Siku ya pili, wenzake walipopanga mstari wa kunyolewa, yeye alijiweka mwisho, kisha akatoka kwenye mstari. Akaenda nyuma ya ua wa mtemi, ambako Bibi Nkamba, shangazi yake mtemi, alikuwa amepiga magoti akisaga mtama wa kesho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Una nywele bado," alisema bila kuinua macho. "Haya, kaa. Kitendawili."

"Tega."

"Anakula mchana kutwa wala hashibi."

"Vita," Malugu akajibu upesi.

Bibi akaacha kusaga. "Jiwe la kusagia, mwanangu. Hata mtoto wa juzi analijua. Sasa niambie una nini."

Akamweleza yote: mkono uliopanda, kinyozi, mlinzi wa lango. Bibi alisikiliza huku akikusanya unga kwa kiganja.

"Kinyozi mwongo na mlinzi mwoga," alisema. "Mpaka kidole changu kiguse uso wako, wewe bado ni wa mama yako. Lakini ngozi hufunguliwa na aliyeifunga, kwa mwili wake, bila kisu, mbele ya kikosi. Naye atakuuliza mara tatu: nani anakuita? Utamtaja mtu. Ukimtaja aliyekufa, umetudanganya wote, na hapo nitakupaka unga mwenyewe wala sitakuonea huruma. Una mke?"

"Ninaye. Nyanzobe."

"Mtaje, uende zako."

Msimu wa pili, mpagazi mmoja mwenye mzigo wa chumvi alipita kambini akasema ndui imepiga Ilomelo na nyumba nyingi zimefungwa. Malugu aliinuka, akaenda kukata kuni ambazo hakutumwa. Tangu siku ile hakuwahi kumuuliza msafiri yeyote habari za kwao.

"Sijui kama yu hai, bibi."

"Hujauliza?"

"Sijauliza."

"Ukuta wa Kanoge umeuruka," alisema Bibi Nkamba taratibu, "na mishale inanyesha. Kuuliza ndiko kulikokushinda."

Hapo Malugu aliuona tena mkono wake ukipanda juu ya vichwa vya watu, na safari hii alijua aliyeutuma: woga ule wa kuuliza.

Siku ya tatu, jua likiwa limepanda, kikosi kilipangwa uwanjani. Ishirini na wawili walikuwa na vichwa vinavyong'aa; mmoja alikuwa na nywele. Malugu akatoka mbele, akanyoosha mkono wa kulia.

"Baba Sizya, naomba unifungue."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mtama. Sizya alikuwa mtu mrefu, mwenye bangili ya pembe na sauti ndogo. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Wewe ndiye ubavu wangu wa kushoto, Malugu. Ukiondoka, ubavu uko wazi. Nani anakuita?"

"Sijui, baba."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Anaitwa na tumbo lake."

"Nani anakuita?"

"Nyanzobe binti Mhoja, mke wangu."

"Yu hai? Mara ya tatu nakuuliza. Nani anakuita?"

"Nikisema yu hai, huenda nasema uongo. Nikisema amekufa, nimemuua kwa mdomo wangu. Sijui, baba. Misimu miwili nimekaa na kutojua huku. Ndiko kunakoniita."

Jibu kama lile halikuwahi kusikika, na hakuna aliyejua ni jibu zuri au baya. Macho yote yakamgeukia Bibi Nkamba, aliyeshika bakuli la unga. Naye akachukua ungo, akalifunika bakuli.

"Hajamtaja aliyekufa," alisema. "Mfungue."

Sizya akaanza kufungua. Lakini ngozi iliyofungwa mbichi ilikuwa imepigwa na jua siku mbili, ikawa ngumu kama mfupa, na fundo lilikuwa limezama nyamani. Kucha zikateleza. Kisu kilikuwa mwiko. Ndipo mkuu wa kikosi, aliyevunja maboma saba, akapiga magoti mbele ya askari wake, akauweka mkono ule mdomoni, akaanza kuilainisha ngozi kwa mate na kuitafuna kidogo kidogo.

Alipopumzisha meno, alinong'ona, "Mimi niliuliza habari za wangu. Ndiyo maana niko hapa."

Kisha akaendelea kutafuna mpaka fundo likaachia.

Malugu aliweka chini gumegume, shuka nyekundu na manyoya. Akaondoka na kaniki, upinde na mishale minne. Kikosi kilikwenda kaskazini, na vita vya huko waimbaji wa Igwisha waliviimba kizazi baada ya kizazi: Sizya alivyoshika kivuko peke yake, Kasubi alivyoanguka akicheka. Aliyefunguliwa ngozi hakuwekwa katika wimbo wowote, kwa sifa wala kwa aibu. Yeye mwenyewe hakujua lipi kati ya hayo mawili lilimstahili.

Alitembea siku sita. Mara mbili aligeuka kurudi, na mara mbili akageuka tena. Siku ya sita, mvua zikiwa zimekwisha, aliingia Ilomelo kwa upande wa mashamba. Nyumba ya kwanza ilikuwa imeanguka. Ya pili imeota majani. Mbele ya ya tatu palikuwa na mwanamke ameinama aking'oa karanga, mashavu yake yamejaa mashimo ya ndui, na Malugu hakumtambua mtu yule.

"Baba, unakanyaga karanga zangu," alisema mwanamke.

Ilikuwa sauti ya Nyanzobe.

Malugu akaondoa mguu. Mwanamke akanyooka, akamtazama tangu miguu mpaka utosi, kwa muda ambao mtu angeweza kusaga kibaba kizima.

"Kama unapita, pita njiani," alisema. "Kama umekuja kukaa, jembe lile pale. Udongo umekauka, hazing'oki kwa mkono."

Malugu akaenda kulichukua.